Injini Iliyotiwa Hatamu

Mwaka 1931, wakati biashara ya dunia ilipokuwa imelala chali na mamilioni ya watu wa Marekani hawana kazi, kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake, badala ya kukazwa kwa bolti juu ya chesisi bila ya huruma, kama ilivyokuwa ada ya magari ya bei nafuu ya zama zile, ilipakatwa juu ya vipande vya mpira, ikaachiwa nafasi ya kuyumba na kujipindua kwa kadiri ya tabia yake, ili mtikisiko ubaki huko huko ulikozaliwa na abiria astarehe. Husimuliwa kwamba Walter Chrysler mwenyewe, kwa jinsi alivyojivunia uvumbuzi huo, aliliendesha moja katika magari ya mwanzo hadi kwa mshindani wake Henry Ford, akamwachia liwe hidaya, naye akarudi kwa teksi. Mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa wakautwaa ujuzi ule ule kwa leseni, na magari yao yakapambwa kwa picha ya bata maji anayeelea, ili mnunuzi asiyejua kusoma naye apate kufahamu. Nayaeleza haya mapema ili msomaji aupime mwenyewe ukubwa wa mshangao wangu pale, miaka themanini baadaye, nilipomwona mpwa wangu, kijana wa chuo, amesimama katika maegesho ya jengo letu la Silver Spring, Maryland, ameshika kisanduku kilichonunuliwa kwa dola zangu, akinihakikishia kwamba dawa ya gari langu ni kuifunga injini isiyumbe.

Gari lenyewe, ambalo jina la kiwanda chake nitalisitiri, lilikuwa la Kijapani, la umri wa makamo, lenye silinda nne na gia za otomatiki. Halikuwa na makuu, halikuwa mlafi wa petroli, na kwa ile rangi yake ya majivu lilikuwa halivutii hata jicho la askari wa barabarani, jambo ambalo mimi hulihesabu kuwa ni fadhila. Aibu yake ilikuwa moja. Kila lilipoondoka baada ya kusimama, injini ilijitupa nyuma, ikafika mwisho wa nafasi yake, ikapiga "ngo!" mahali fulani miguuni pa abiria wa mbele, na kwa kuwa abiria wa mbele aghalabu alikuwa mke wangu, na mke wangu amezaliwa Unguja, mtaa wa Ng'ambo, katika nyumba ambayo mlango wake ukigongwa haukosi mwitikio, basi kila injini ilipogonga yeye aliitika, kwa sauti ya upole na bila ya kugeuza uso, "Karibu!"

Asiyeujua mji wa Washington, ambao Silver Spring imepakana nao, pengine ataona kuwa mzaha huo ulistahimilika. Mji huu ulichorwa mwaka 1791 na Mfaransa Pierre Charles L'Enfant, mtu aliyependa barabara pana zinazokata mitaa iliyonyooka kwa mshazari, na mahali pengi zinapokutana pakawekwa duara, na baada yake wengine wakaja wakapandisha juu ya maduara hayo majemadari wa shaba waliopanda farasi, ili dereva aliyepotea njia awe na mtu wa kumtazama. L'Enfant aliachishwa kazi mwaka 1792, na yeyote aliyewahi kukwama Dupont Circle wakati wa jioni, watu wakitoka maofisini, ataona kuwa serikali ilichelewa kuchukua hatua. Muradi wangu ni huu: katika mji wa namna ile gari haliendi, huondoka, huondoka likasimama, likaondoka tena, na kila kuondoka kulikuwa na "ngo" yake, na kila "ngo" ilikuwa na "karibu" yake, hata tulipoteremka 16th Street tukafika Scott Circle mke wangu alikuwa amekwisha kukaribisha wageni wengi kuliko balozi yeyote wa mji ule. Jamaa waliokaa viti vya nyuma walicheka kwanza kwa staha, kisha staha ikawaisha.

Sababu ya injini kujitupa si siri. Nguvu inayosukuma magurudumu mbele huisukuma injini nyuma kwa kiasi kile kile, na katika magari ya siku hizi, ambamo injini hulazwa kwa upana wa gari na sanduku la gia pamoja na difu vimeungana nayo mwili mmoja, gia ya kwanza hukuza nguvu ya mzunguko zaidi ya mara kumi, na marejeo ya nguvu yote hiyo huishia kwenye raba chache ambazo mafundi wa kwetu huziita mauntini. Masikini raba hizi zimepewa kazi mbili zisizopatana: ziwe laini, zimeze mtetemo wa injini inaponguruma bila ya kwenda, na papo hapo ziwe ngumu, ziizuie isije ikaruka mguu wa dereva unapokandamiza. Kiwanda hutafuta suluhu katikati. Wako vijana wasioridhika na suluhu, ambao huona kila kinachoyumba ni nguvu inayopotea, na mpwa wangu alikuwa katika hao.

"Mjomba," aliniambia, baada ya kunipa shikamoo yangu na kuinama chini ya boneti kwa taadhima ya tabibu, "gari lako halina ugonjwa. Lina uhuru mwingi."

Kilichokuwa kisandukuni kilikuwa shokapu ndogo ya urefu wa shubiri moja na nusu hivi, bomba lililopakwa rangi ya buluu ya kumeremeta, ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu; ukiivuta polepole inakubali, ukiivuta kwa ghafla inagoma. Upande mmoja hukazwa kwa kipande cha chuma juu ya kichwa cha shokapu ya gurudumu, pembeni mwa boneti, na upande wa pili hukazwa kwenye injini yenyewe. Haibebi uzito wa injini wala haiizuii kusogea. Kazi yake ni kuipunguzia pupa. Nakiri kuwa hoja ilinipendeza, na hata leo sioni ila katika hoja yenyewe. Wazo la kuiachia injini isogee lakini isogee kwa adabu lina hekima yake.

Utekelezaji ndio uliokuwa na vituko. Waraka wa wapangaji wa jengo letu, ambao kwa unene haupungukiwi na kitabu cha fiqhi, unakataza waziwazi kutengeneza magari katika maegesho: kubadilisha gurudumu huvumiliwa, kufungua boneti hutiliwa shaka, na kulala uvunguni mwa gari ni kosa la kuandikiwa barua. Msimamizi wa jengo, mtu mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, alitukuta boneti i wazi na kijana amejaa grisi mpaka viwiko. Akauliza tunafanya nini. Mpwa wangu, bila ya kupepesa jicho, akajibu kuwa tunatia maji ya wipa. Msimamizi hakusema neno. Alisimama pale pale, mikono nyuma, akatazama maji ya wipa yakitiwa kwa spana namba kumi na nne, kisha kwa tupa, maana tundu la kile kipande cha chuma halikulingana na msumari wake, kisha kwa nyundo.

Wakati huo washa moja ikaponyoka vidoleni mwa kijana. Aliyewahi kufungua boneti anajua kuwa kitu kikianguka ndani ya gari hakifiki chini; hugonga mahali, kikalia, kikagonga mahali pengine, kikalia kwa mbali zaidi, kisha kimya. Tulisikiliza sote watatu. Msimamizi wa jengo, ambaye nadhani naye alikuwa na ujana wake, alipiga magoti taratibu, akatia mkono nyuma ya redieta mahali ambapo sisi wawili tusingepafikiria, akaitoa washa, akamkabidhi mpwa wangu, akasema kwamba maji ya wipa yasipoisha kabla ya magharibi ataandika barua. Yaliisha kabla ya alasiri. Mke wangu, aliyekuwa akitazama dirishani ghorofa ya pili, aliuliza tumemalizaje, nami nikamwonyesha lile bomba la buluu likimetameta. Akalitazama kwa muda.

"Mmemfunga kama mbuzi wa Idi," akasema, akafunga dirisha.

Haki haifichwi: ile "ngo" ilikoma. Safari ya kwanza kushuka mjini, mwenzangu alikaa na "karibu" yake mdomoni, taa baada ya taa, asipate wa kumpa, na mimi nikashika usukani kwa fahari ambayo huenda ilionekana hata kwa majemadari wa shaba. Tulipofika kwenye taa iliyokawia, hata hivyo, gia ikiwa kwenye D na mguu ukiwa juu ya breki, nikahisi usukani unanikuna viganja. Kioo cha kutazamia nyuma kikafanya gari lililotufuata kuwa mawili. Senti zilizokuwa kwenye kisahani cha majivu zikaanza mazungumzo. Na tasbihi iliyotundikwa kwenye kioo, ambayo mama mkwe wangu aliileta kutoka Makka, ikaanza kusabihi yenyewe, punje kwa punje, kwa kasi ambayo hakuna sheikh angeiweza.

Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya silinda nne ikiwa inazunguka mara 750 kwa dakika, nayo huwaka mara mbili katika kila mzunguko, basi kila sekunde humpiga abiria ngumi ishirini na tano. Pistoni nazo, hata zikiwa mbili juu na mbili chini, huacha mtikiso wao usiofutana, ambao Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, aliutafutia dawa ya vyuma vinavyozunguka kinyume, na kwa sababu ya gharama yake magari mengi, pamoja na langu, hayakubahatika kupewa dawa hiyo. Kwa hiyo ngumi hizo zote, ambazo tangu zama za Plymouth ile zilikuwa zikimezwa na raba, sasa zilikuwa zimejengewa daraja la chuma kutoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye bodi. Mpwa wangu aliponisikia nikilalamika alisema hiyo ndiyo ladha ya magari ya mashindano, na kwamba wako watu wanaolipa zaidi ili waipate. Mke wangu alilimaliza jambo kwa maneno machache: "Zamani alikuwa akipiga hodi. Sasa kaingia ndani."

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo Jumanne ya tarehe 23 Agosti 2011, ambayo kwa bahati ilikuwa pia mwezi 23 Ramadhani. Tulikuwa tukielekea kwenye msikiti wa barabara ya Massachusetts, ule uliofunguliwa mwaka 1957 mbele ya Rais Eisenhower, tukipeleka sehemu yetu ya futari mapema kabla foleni za jioni hazijaanza: mahamri katika kikapu, na sufuria la mbaazi za nazi miguuni pa mke wangu, limefungwa kwa kitambaa na kubanwa kwa visigino. Njaa ya saa saba mchana unaijua, msomaji, na joto la Agosti la mji ule, uliojengwa bondeni kandokando ya mto Potomac, si duni ya joto la Pemba. Tukasimama kwenye taa, pale Wisconsin inapokutana na Massachusetts, ubavuni mwa Kanisa Kuu la Kitaifa. Mtetemo ukaanza, nami sikuushughulikia kwa kuwa nilikwisha kuuzoea. Ukazidi. Senti zikaruka kisahanini. Tasbihi ikajipiga kwenye kioo, na mbaazi zikatoka kwa chini ya kitambaa.

"Zima gari," akasema mke wangu.

Nikalizima.

"Nimesema zima gari!"

"Nimekwisha kulizima."

"Basi lizime tena!"

Nikageuza ufunguo mbele na nyuma, nikautoa kabisa, nikamwonyesha. Na gari, bila ya ufunguo wala moto, likaendelea kucheza lelemama. Sijui ni sekunde ngapi zilipita. Milango ya majumba ya pande zote ikafunguka, watu wakamiminika nje, wengine wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi, wakasimama kando ya njia wakitazama huku na huku kwa fadhaa, na wengi wao, kwa kuwa tulikuwa mbele ya macho yao, walitutazama sisi. Mke wangu akavuta mtandio wake akafunika uso.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Wametoka kutazama gari letu."

Baadaye ilibainika kuwa ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.8, saa saba na dakika hamsini na moja, na kwamba kitovu chake kilikuwa karibu na mji mdogo wa Mineral, Virginia, kusini-magharibi ya hapo, mwendo wa gari usiotimia saa mbili siku ambayo barabara ni nyeupe. Juu ya vichwa vyetu, mawe yaliyochongwa ya minara ya lile kanisa yalikuwa yamepinduka na mengine kuanguka. Katikati ya mji, Mnara wa Washington, wenye kimo cha mita 169, ulikuwa umepata nyufa. Bunge, Pentagon na maofisi yote yalimwaga watu wake kwa pamoja, kila mwenye gari akataka kurudi kwake wakati mmoja, treni za chini ya ardhi zikaamriwa kutambaa, na maduara ya L'Enfant yakafungana yote. Tuliufikia msikiti kwa taabu, tena na nusu ya mbaazi. Katika foleni ile nilipata faragha ndefu ya kumweleza mwenzangu elimu ya matetemeko kwa kadiri niliyokuwa nayo, naye alinisikiliza hadi mwisho, kwa subira ya mtu aliyefunga. Kisha akasema kuwa ameelewa, tetemeko la serikali limekwisha. Sasa anataka kujua la kwetu litakwisha lini.

Kwa hiyo nikaenda Langley Park, kwa fundi mmoja mtu wa El Salvador, ambaye mazungumzo yangu naye hupita katika Kiingereza kilichochoka kwa pande zote mbili. Nilimkuta anasimulia. Mtu aliyeshuhudia tetemeko la San Salvador la Oktoba 1986, na ambaye jamaa zake waliliona lile la Januari 2001, hawezi kuombwa ashtuke kwa ajili ya Mineral, Virginia. Alisema kwamba siku ile wenzake wote walikimbilia nje, naye akaendelea kukaza nati ya tairi, kwa sababu mteja alikuwa akisubiri.

Alifungua boneti, akaliona lile bomba la buluu, akatabasamu. Akaniamuru niwashe, nikanyage breki kwa nguvu, nitie D, kisha rivasi, kisha D. Akainama na tochi upande wa nyuma wa injini, mahali pa giza karibu na ukuta wa dashibodi, akaniita nitazame. Mauntini ya nyuma ilikuwa imechanika vipande viwili. Kila nilipotia rivasi mpasuko ulifumbuka, ukaonyesha wekundu wa kutu ndani yake, na kila nilipotia D ukafumba, chuma kikakutana na chuma. Huyo ndiye aliyekuwa akipiga hodi miaka yote. Ama lile bomba, akasema, kosa si lake: karatasi iliyokuja nalo, ambayo mpwa wangu hakuiona haja ya kuisoma, hutaka pistoni ikae katikati ya bomba injini inapotulia, na kijana alikuwa ameikaza huku imesukumwa mpaka mwisho, kwa kuwa ilikaa vizuri zaidi kwa sura, hata ikawa si shokapu tena bali ni fimbo. Lau tungeishi ng'ambo ya pili ya mto, katika jimbo la Virginia, ambako gari binafsi hukaguliwa kila mwaka, huenda jicho la mkaguzi lingeiona mauntini ile zamani. Maryland hulitazama gari linapouzwa, na langu halikuwa limeuzwa.

Raba mpya ikatiwa, bomba likarekebishwa, na gari likawa jinsi lilivyotoka kiwandani: injini ikiyumba kidogo ndani kwa ndani, na sisi hatujui. Fundi aliniuliza kama aling'oe kabisa lile bomba, kwa kuwa halikuwa na kazi kubwa tena. Nikamwambia aliache, kwa heshima ya dola zangu. Mpwa wangu, alipopewa habari, hakutikisika hata kidogo. Alitoa hoja kwamba gari lililofungwa kifaa chake limepita katika tetemeko la 5.8 bila ya kuchubuka, na kwamba ilinipasa niandike barua ya kulisifu.

Matengenezo ya Mnara wa Washington yalichukua muda mrefu zaidi kuliko ya gari langu. Mwaka 2013 mafundi waliuzungushia jukwaa la vyuma tangu chini hadi kileleni, na usiku likawashwa taa, na haukufunguliwa tena hadi tarehe 12 Mei 2014. Usiku mmoja wa wakati ule tulipita kwa barabara ya Constitution, mpwa wangu amekaa nyuma, gari limetulia kabisa, na mke wangu akautazama mnara umebanwa vyuma pande zote nne, unang'aa.

"Wewe," akamwita kijana bila ya kugeuka, "hapa pia ulipita?"

"Hapana, shangazi," akajibu. "Mimi ningefunga vyuma viwili tu, vya buluu."